Rihani ya Kikuba Ndani ya Mchuzi

Shangazi alichota mchuzi kijiko kimoja, akakiinua karibu na taa, akakiinamisha taratibu. Juu ya ule ukijani yalikuwa yakielea matone ya mafuta, mengine madogo kama vichwa vya sindano, yanang'aa. Akakirudisha kijiko bakulini bila kuonja.

"Tui limekatika," akasema.

Hakupaza sauti. Lakini weita, ambaye alikuwa amesimama kando ya meza yetu akingoja kusifiwa, alirudi nyuma hatua moja.

Lazima niwaeleze huyu shangazi ni nani. Ni dadake marehemu babangu, na kwa zaidi ya miaka thelathini amepika harusi hapa Malindi, kuanzia kwetu Shela mpaka Barani, mpaka Mambrui ng'ambo ya mto Sabaki. Ni mtu wa kuitwa kwa pilau ya watu mia tatu, akaketi juu ya kigoda chake kando ya kuni na kuamuru wanaume wenye misuli wageuze masufuria. Wali wake huchambuka punje kwa punje. Na tui lake halikatiki. Mimi nimekulia jikoni mwake, na kazi yangu ya kwanza, nilipokuwa na miaka kama saba, ilikuwa kukoroga. Tui jepesi huingia mwanzo, liivishe samaki au mbaazi. Kasimile, lile la kwanza kukamuliwa, huingia mwisho, kuni zimeshavutwa nje, na hapo mkono hautoki kwenye upawa. Unakoroga, unachota, unamimina, unakoroga tena. Ukigeuza uso tu, tui linajitenga: mafuta juu, chengachenga chini. Siku niliyolikatisha tui la mchuzi wa nguru, shangazi hakunipiga. Aliita majirani waje waone.

Kumpeleka mtu kama huyu mkahawa wa Kithai, basi, ilikuwa kujitafutia. Lakini nilikuwa nimeshapiga domo mno. Kila Ijumaa nikienda kumsalimia nilikuwa nikimhadithia nilichokula wiki ile, mpaka siku moja akanikatiza: "Nipeleke nikawaone hao wanaokula pesa zako."

Mkahawa wenyewe uko upande wa Casuarina, ndani kidogo kutoka barabarani. Meza sita, paa la makuti, feni mbili na moja ndiyo inayozunguka. Mwenye mkahawa ni mzee wa Kitaliano, mkewe ni Mthai, na anayepika ni kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni aliyefundishwa na huyo mama mpaka sasa mama mwenyewe huingia jikoni kuonja tu. Tulikwenda kwa tuktuk. Njiani nikamwambia shangazi kwamba hata Bangkok vigari hivi vipo, vimejaa, na jina lake ni hilohilo, tuktuk. Akauliza kama madereva wao pia hawana chenji.

Mwezi ulikuwa Januari, kaskazi inavuma, mji umejaa wageni. Chakula cha kigeni Malindi kwa kawaida maana yake ni cha Kitaliano. Waitaliano walirusha setilaiti yao kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, mwaka 1967, na tangu zama hizo wamezidi kuja, wakajenga, wakaoa, wakazeeka hapa. Pitsa na aiskrimu zao tumezizoea kama viazi karai. Vya Kithai ni vigeni zaidi, na mimi mwenyewe mara yangu ya kwanza niliponea chupuchupu nisirudie tena.

Ilikuwa kwenye hoteli moja kubwa, jina nitalihifadhi, iliyotangaza usiku wa vyakula vya Asia. Nikaagiza pad thai. Nikaletewa spageti. Spageti hasa, ya ngano, imetiwa sosi ya nyanya ya chupa, juu imenyunyiziwa njugu, na kipande cha ndimu ubavuni kama ushahidi. Nikala yote maana nilikuwa nimelipia, nikaondoka nikijua kwamba chakula cha Kithai ni cha Kitaliano kilichokosewa. Ilinichukua miaka miwili kugundua nilidanganywa. Pad thai ya kweli ni tambi za mchele, bapa, zilizokaangwa kwa moto mkali na ukwaju, sukari, sosi ya samaki, yai na kamba. Chupa ya nyanya haina kazi pale.

Chekesho ni kwamba hata hiyo ya kweli si ya kale sana. Nchi ilikuwa ikiitwa Siam mpaka 1939, wakati Waziri Mkuu Plaek Phibunsongkhram alipoibadilisha jina ikawa Thailandi, na serikali yake hiyohiyo ikawahimiza raia wale tambi, miaka ya vita ambayo mchele ulikuwa wa kubanwa. Tambi zilikuwa za Wachina. Zikatiwa ukwaju, zikapewa jina la taifa. Ni chakula kilichopewa uraia. Na hawakuishia hapo: mwaka 2002 serikali ya Thailandi ilianzisha mpango rasmi wa kuongeza mikahawa yake ulimwenguni, kwa mikopo na mafunzo ya wapishi. Nikifikiria hilo humwonea shangazi huruma. Nani angemkopesha yeye akafungue nyumba ya pilau Bangkok?

Turudi mezani. Kabla hata ya kuketi, shangazi alimuuliza weita nyama yao imechinjwa na nani. Yule kijana akamtajia bucha la sokoni, mwenyewe shangazi anamjua na babake alimjua. Nguruwe? Hapikwi hapa. Sosi ya samaki? Ni dagaa na chumvi vilivyovundikwa mpaka vikatoa maji. Shangazi akatikisa kichwa. Mtu aliyekulia kwenye harufu ya ng'onda hatishwi na hilo. Hata hivyo akasema tuanze na vya baharini kwa usalama, kwa sababu kamba hana shingo.

Meza ya jirani walikuwa mume na mke wa Kizungu wakihangaika na vijiti, wakidondosha wali. Wangejua kwamba Wathai wenyewe hula wali kwa kijiko, uma mkono wa kushoto wa kusukumia, na vijiti huvitoa kwa tambi, wangepumzika. Shangazi aliomba maji ya kunawa. Kwa hilo nilimpa moyo: kaskazini mashariki mwa Thailandi, ambako wali wao ni ule wa kunata, watu humega kwa mkono, wakabonyeza tonge, wakachovya.

Ikaja supu, tom yum. Kamba wanaelea, uyoga, vipande vya mchaichai virefu kama penseli. Shangazi akanusa.

"Chai ya mchaichai," akasema, "nani ameitia kamba?"

Akanywa mabakuli mawili, pua ikimtiririka, huku akilalamika kwamba sukari wamesahau.

Som tam aliisikia kabla ya kuiona. Kutoka jikoni ukaja mlio wa mchi: tok, tok, tok. Akaketi sawasawa. "Angalau kinu wanacho." Lakini sahani ilipofika na akaambiwa kwamba ile kachumbari ni papai bichi, aliniangalia kana kwamba nimempeleka kwa watu wenye shida. Kwetu papai bichi ni la kulainishia nyama ya mishkaki. Unalisugulia, unalitupa. Mtu halili, kama vile halili sabuni baada ya kuoga.

Na kisha rihani. Kuna sahani ya kamba waliokaangwa na kitunguu saumu, pilipili kichaa na majani ya aina ya rihani, mengi, konzi nzima, yanatiwa moto ukiwa umeshazimwa. Nami hiki ndicho chakula changu pale. Nikienda peke yangu siombi menyu. Shangazi aliokota jani moja kwa ncha za vidole, akalifikicha, akalinusa, akafumba macho.

"Mwanangu, hii ni ya kikuba."

Kila mwanamke wa hapa anaelewa alichosema. Rihani huchumwa magharibi, ikafungwa pamoja na asumini, ikavaliwa kifuani siku ya harusi, au ikatiwa kitandani kwa bibi harusi. Harufu yake kwetu ni ya usiku na ya mtu. Kuikuta imelala juu ya kamba na kitunguu saumu ilikuwa kama kumkuta mtu na kanga ya kulalia katikati ya soko. Hakuigusa tena sahani ile. Niliimaliza mimi, na sikuona haya, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na watu wengi wa kwetu wanaosifu mikahawa hii. Wao husema: ah, wana nazi, wana ukwaju, wana wali, ni kama kwetu tu. Kama ni kama kwetu, nibaki kwetu, ni bure. Mimi ninachofuata pale ni vitu ninavyovijua vikifanyishwa kazi nisizozijua.

Pilipili zao, hata hivyo, shangazi hakuzilalamikia. Alikuwa amebeba kikopo cha achari yake ndani ya mkoba, tahadhari, wala hakukifungua. Pilipili kali si ya kwao wala si ya kwetu. Ni ya Amerika, na ni Wareno walioitembeza bahari hii. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, bado hana pilipili hiyo. Miaka kumi na tatu baadaye, 1511, Wareno waliteka Malaka, bandari ya rasi ya Malay, na mwaka huohuo mjumbe wao akafika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wakati ule. Kabla ya hapo Wathai ukali waliupata kwenye ile nyeusi ya punje, na lugha yao bado inakumbuka: pilipili kali huiita phrik, na ile nyeusi ni phrik thai, pilipili ya Kithai, mwenyeji. Sisi nyeusi tunaiita pilipili manga, tukaipa asili ya Uarabuni. Kila mtu na namna yake ya kukumbuka nani aliingia mlangoni kwanza.

Wali nitaupita haraka. Mchele wao hunukia vizuri na hushikana kidogo, na ndivyo unavyotakiwa uwe. Shangazi aliuita mashendea, wali wa kurojeka, nikamwacha.

Ndipo ukaja huo mchuzi wa kijani wa samaki, na kijiko kikainuliwa karibu na taa.

Weita alikwenda jikoni kusema. Nikafikiri ataleta bakuli jingine. Akaja mpishi mwenyewe, kitambaa kichwani, jasho limelowa mpaka kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tui limekatika."

Yule kijana akatabasamu kidogo, akaangalia chini kwa adabu. "Halikukatika, mama. Nimelikata."

Sijawahi kumwona shangazi akikosa neno. Alimtazama mpishi, akatazama bakuli, akanitazama mimi kana kwamba nimekula njama. Kisha akainuka, akakusanya buibui lake, akamwambia, "Twende nikaone." Wageni wa meza ya pili wakadhani tunagombana.

Jikoni mwenyewe ni chumba kisichozidi hatua nne kwa tatu. Mpishi aliweka karai juu ya moto wa wastani, akamimina kasimile peke yake, bila mafuta, bila maji, bila kitunguu. Kisha akafanya lile ambalo mimi nilikatazwa tangu nina miaka saba: akaliacha. Tui likaanza kutokota, mapovu makubwa mazito, plop, plop. Likazidi kuwa zito, likawa kama uji. Shangazi mkono ulimcheza. Najua alitaka upawa. Ghafla sauti ikabadilika. Ule mtokoto wa maji ukaisha na badala yake ukaja mchachariko mdogo wa kitu kinachokaangika, na pembeni mwa karai mafuta yakachomoza, angavu kabisa, yakijitenga na weupe.

"Sasa," mpishi akasema, akatia kijiko kikubwa cha viungo vilivyotwangwa: pilipili za kijani, mchaichai, kitunguu saumu, mizizi ya giligilani, ganda la ndimu, kamba waliovundikwa. Harufu iliyopanda ilitufanya wote watatu tukohoe. Akakaanga viungo vile ndani ya mafuta ya nazi yenyewe mpaka vikabadilika rangi. Ndipo akamimina tui jepesi, na samaki akafuata.

Sisi tunaanza na jepesi tunamaliza na kasimile. Wao wanaanza na kasimile, jepesi linakuja nyuma. Nazi ni ileile, kifumbu ni kilekile.

"Kwa hivyo mafuta ya kununua hayaingii," shangazi akasema.

"Hata tone, mama. Na hili la pakiti halifai, hutiwa vitu vya kulishikisha. Utalichemsha mpaka kesho halikatiki. Ndiyo maana nakuna mwenyewe." Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona palikuwa na mbuzi ya nazi, ya mti wa mwembe, kikalio kimelainika. "Nyumbani mamangu akiniona nafanya hivi atanifukuza jikoni. Hata mimi mwanzo nilimwambia mama wa Kithai kwamba amekosea. Akacheka. Kisha akaniuliza hiki kiti tunakiitaje. Nikamwambia mbuzi. Akacheka zaidi. Wao wanakiita kratai. Ni sungura."

"Sungura!"

"Sungura, mama."

"Na wanamkalia?"

"Wanamkalia vilevile."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Mtu mzima, mpishi wa harusi, anacheka jikoni mwa watu kwa sababu kule ng'ambo ya bahari kuna wanawake wanamkalia sungura kukuna nazi. Tuliporudi mezani alikula mchuzi ule wote, kimya, na mwisho akapangusa bakuli kwa tonge la yale mashendea.

Mpishi, kwa furaha, alituletea kitu ambacho hatukuagiza: kuku wa massaman. Kabla sahani haijagusa meza shangazi alikuwa ameshaipokea kwa pua. Iliki. Mdalasini. Karafuu. Kungumanga. Bizari nyembamba. Viazi, njugu, ukwaju, tui. "Huyu," akasema, "huyu amepita kwetu." Hakukosea sana, na jina lenyewe linasema: massaman maana yake ni wa Waislamu. Kwenye karne ya 17 Ayutthaya ilikuwa na wafanyabiashara Waajemi mpaka ndani ya baraza la mfalme, na vile viungo vya kukausha, ambavyo michuzi mingi ya Kithai haivitumii kwa wingi hivyo, hunasibishwa na watu wa namna hiyo. Kuna hata shairi la mwana mfalme aliyekuja kutawala kuanzia 1809 kwa jina la Rama wa Pili, anausifu mchuzi huo na harufu yake ya bizari, na kusema mwanamume akiuonja hataacha kumuwaza aliyeupika. Nilimweleza shangazi. Akajibu kwamba huyo alikuwa mfalme wa maana.

Kwangu mimi massaman ni chakula kizuri ninachokiacha kwenye menyu. Nimeshakila Shela, maisha yangu yote, kwa majina mengine.

Tulimaliza kwa wali wa kunata na embe, ngowe lililoiva mpaka likatoa mafuta, na tui lenye chumvi kidogo juu yake. Hakusema kitu. Ila aliomba chumvi ile tena. Bili ilikuja shilingi 4,300. Akaisoma mara mbili, akahesabu kwa vidole ni nazi ngapi, akaacha kuhesabu.

Mwezi wa Mei mkahawa ulifungwa. Kusi imeingia, mvua, ndege hazileti watu, na mzee na mkewe huondoka mpaka Julai. Mpishi alikwenda kwao kulima mahindi. Mimi nikarudi kula viazi karai mjini, na kwa mara ya kwanza nikawa sina la kumhadithia shangazi siku ya Ijumaa.

Ijumaa ya pili ya mwezi huo alituita mimi na mamangu chakula cha mchana. Nilipoingia uani nilimkuta juu ya mbuzi, chicha imejaa sinia, na kifumbu kinaning'inia kinadondoka. Mlango wa jikoni alikuwa ameurudisha, jambo ambalo si kawaida yake. Nilisikia mtokoto. Kisha nikasikia sauti ikibadilika.

Mchuzi ulipotua mkekani, kolekole kwa vipande vikubwa, mamangu aliinama, akaangalia. Hawa mawifi wameishi kwa adabu miaka arobaini, na ninajua miaka hiyo yote mamangu alikuwa akiingoja siku hii.

"Wifi," akasema kwa upole, "leo tui limekukatikia."

Shangazi alikuwa akigawa wali. Hakuinua uso.

"Halikukatika," akasema. "Nimelikata."

Mamangu akala. Akaongeza. Akauliza ni mafuta gani yaliyotumika, akajibiwa kwamba hakuna. Mimi nilikuwa nikipekua mchuzi kwa ncha ya kidole, nikitafuta jani. Mrihani upo palepale uani, kando ya birika, umestawi kwa mvua. Nikamuuliza shangazi kwa nini hakutia na rihani.

Aliniangalia tu.